Cheche Iliyopotea (Sehemu ya Tatu)

Katika makala mbili zilizotangulia tuliifuata petroli tangu tangini hata kabureta; leo tunaufuata umeme, na msomaji asiingiwe na hofu, maana umeme wa pikapu za Land Rover kuukuu, zile za platini, hupita njia fupi ambayo mtu mwenye subira na kitaa cha volti 12 aweza kuikagua yote kabla chai yake haijapoa.

Moto hutoka betrini, hupita swichi ya ufunguo, huingia koili, kisha hushuka disitributa na kufika kwenye platini, ambazo zikigusana huupeleka katika chuma cha gari. Ajabu ya mtambo huu, ambao asili yake ni kazi ya Mmarekani Charles Kettering, ni kwamba cheche haizaliwi umeme unapopita, bali unapokatwa: platini zikiachana, nguvu ya sumaku iliyojikusanya ndani ya koili huporomoka ghafla, na zile volti 12 za unyonge hugeuka maelfu yawezayo kuruka mwanya wa plagi. Kwa hiyo platini zisizogusana na platini zisizoachana ni msiba mmoja.

Jirani yangu, mzee mwenye shamba la minazi, aliuziwa koili mpya mara mbili, na gari lisishike. "Stata yapiga, mwanangu," akaniambia, "ila moto hamna."

Tuliuchomoa waya mnene wa katikati ya koili, tukaushika kwa ubao mkavu, ncha yake mbali na injini kadiri ya robo inchi, nami nikaziachanisha platini kwa kijiti: hapana cheche. Lau ingaliruka hapo, hatia ingalikuwa ya rota, au ya kifuniko cha disitributa, ambacho aghalabu hupata ufa mwembamba kama unywele. Ndipo nikakifunga kitaa, waya mmoja kwenye parafujo la koili liendalo disitributa, wa pili kwenye chuma. Mtambo ukiwa mzima, kitaa huwaka platini zikiwa wazi na huzimika zikifumbana. Kisipowaka asilani, ima moto haufiki, ima umevujia chumani kabla ya wakati, yumkini kwa kondensa iliyokufa. Chetu kiliwaka daima. Basi moto ulifika, koili ikaupitisha, na njia ilikatika mbele yake. Nikazisugua platini kwa msasa laini, nikazirudisha mwanya wa inchi 0.015, na kitaa kikazidi kutukodolea.

Kisa kilikuwa katika kiwaya kifupi kilichomo ndani ya disitributa, ambacho hupindwa kila sahani ya platini inapozunguka kuwahisha moto. Ngozi yake haikuwa na hata mkwaruzo, lakini nilipokivuta taratibu kilinyumbuka kama mpira, kwani shaba ya ndani ilikwisha kukatika zamani.

Kwa waya usiotimia shibiri, pikapu ilishika stata ya kwanza. Ile koili ya asili, iliyotolewa kwa kudhaniwa mbovu, tuliirudisha mahali pake, nayo ingali kazini hata leo.