Mlango wa Jirani

Mzee mmoja wa Wingwi, kisiwani Pemba, aliyekwisha kula chumvi nyingi katika uvuvi na ambaye sasa shughuli yake kubwa ni kukaa pwani akingoja vyombo virudi, aliniuliza siku moja, huku akimtazama kijana anayeteremsha dumu la petroli kwa ajili ya mashine ya boti yake: "Mwanangu, sisi mafuta hutujia kwa bahari, hao wenzetu wasiokuwa na bahari huyapata kwa mlango gani?" Swali hilo lilinikaa moyoni, kwani muulizaji alifahamu vyema kwamba dumu lile, kabla ya kufika Micheweni, lilikwisha kupita mikono mingi, na kila mkono ulikwisha kuchukua haki yake.

Jawabu ni kwamba huyapata kwa mlango wa jirani. Meli ya mafuta hutia nanga Mombasa, Dar es Salaam au Beira, na shehena yake husukumwa kwa mabomba mpaka kwenye matangi ya nchi kavu, ambako hupimwa kwa uangalifu mkubwa. Kwa sababu petroli hutanuka kwa joto, hesabu yake hurudishwa kwenye kiwango kimoja cha joto, ili aliyepokea adhuhuri na aliyepokea alfajiri wasidhulumiane. Toka hapo safari ni ya bomba, reli au lori. Waganda, mathalan, aghalabu wamelitegemea bomba la Kenya, lililofika Nairobi kutoka Mombasa mwaka 1978 na kuendelezwa hadi Eldoret na Kisumu mwaka 1994, ambako malori huyapakia mafuta na kuelekea mpakani Malaba. Ndiyo maana Januari ya 2008, fitina za baada ya uchaguzi zilipozifunga njia za Kenya, magari ya Kampala yalikosa petroli ilhali Uganda yenyewe haikuwa na ugomvi na mtu.

Nasi wa Pemba tusidhani kwamba jambo hili linatuhusu kwa mbali. Mpaka mwaka 2010, ulipolazwa chini ya bahari waya wa umeme kutoka upande wa Tanga, taa zetu ziliwaka kwa mitambo ya dizeli ya Wesha, na dizeli ilipochelewa kiza kiliingia majumbani. Bahari ituzungukayo haikutuondolea haja ya kungojea chombo cha mwingine.

Lakini kisa kinachostahili kusimuliwa kwa utulivu ni cha Zambia, kwa sababu kimepita katika ardhi ya Tanzania na kwa sababu kinaonyesha mlango wa jirani unavyoweza kufungwa kwa usiku mmoja. Baada ya Zambia kupata uhuru Oktoba ya 1964, mafuta yake yalikuwa yakitoka bandari ya Beira, yakisafishwa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) karibu na Umtali, kisha yakipelekwa kaskazini kwa reli. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, na wenzake walijitangazia uhuru wa walowezi wachache. Desemba Uingereza ikaamuru Rhodesia inyimwe mafuta, na Smith naye akayazuia yale yaliyokuwa yakienda Zambia. Nchi changa, ambayo riziki yake karibu yote ilikuwa shaba ya migodini, ikajikuta imeadhibiwa kwa kosa lisilokuwa lake.

Hapo ndipo ndege za Uingereza, Kanada na Marekani zilipoanza kubeba mapipa ya mafuta angani, jambo la gharama isiyokadirika, kwani ndege huchoma mafuta mengi ili kufikisha mafuta machache. Petroli ikagawiwa kwa mgao. Malori nayo yakaingia katika barabara ya vumbi iliyotoka Dar es Salaam, ambayo wakati wa masika iligeuka tope lisilopitika, na ambayo madereva, kwa ajali zake nyingi, waliifananisha na Jahannamu. Naamini madereva wale, ambao wengi wao majina hayakuandikwa popote, waliiokoa Zambia sawa na mwanasiasa yeyote.

Kutokana na taabu hiyo likazaliwa bomba la TAZAMA, jina lililoundwa kwa Tanzania, Zambia na Mafuta, nalo, kwa bahati njema, ni neno kamili la Kiswahili. Lilikamilika mwaka 1968, masafa ya kilomita 1,710 kutoka Kigamboni hadi Ndola, na kwa kuwa nyanda za juu za Iringa na Mbeya haziruhusu mafuta kupanda kwa hiari yao, vituo vya pampu viliwekwa njiani kuyasukuma. Mali hiyo ni ya shirika: theluthi mbili za Zambia, theluthi moja ya Tanzania. Mwanzoni lilipitisha mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Baada ya kiwanda cha kusafishia mafuta cha Indeni kufunguliwa Ndola mwaka 1973, likapitisha mafuta ghafi. Na mwaka 2023 likageuzwa kuwa njia ya dizeli.

Kuna jambo la uaminifu pia. Mafuta yapitayo Tanzania kwenda nje hayatozwi kodi za ndani, basi tamaa ya kuyachepusha njiani na kuyauza kimagendo ni kubwa, na huko nyuma wapo waliofanya hivyo, kama walivyokuwapo walioghushi petroli kwa mafuta ya taa. Kwa hiyo tangu mwaka 2010 mafuta ya soko la Tanzania Bara hutiwa vinasaba, dawa isiyoonekana kwa macho ambayo mkaguzi huitafuta kwa chombo chake. Akiikosa katika tangi la kituo, hujua kwamba mafuta yale yalikuwa ya safari, ama yameghushiwa.

Hayo yote nilimweleza mzee, naye akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kuhusu petroli, kwa maana dizeli haiwashi mashine ya boti ya yule kijana. Nikamwambia kwamba petroli ya Zambia bado huenda kwa malori, nayo husimama Tunduma, mpakani, katika foleni ndefu, dereva akilala chini ya gari lake akingojea karatasi za forodha.