Faida ya Leo, Gharama ya Kesho: Wanahisa na Manufaa ya Wote

Katika parokia zetu wapo waamini wengi walio wanachama wa SACCOS. Mkutano mkuu wa mwaka unapofika, swali linalosubiriwa na wengi ni moja: mwaka huu tunagawana kiasi gani? Ni swali halali. Lakini lipo swali la pili ambalo huulizwa mara chache: ili tugawane kiasi hicho, tumeacha kufanya nini? Makala hii inaeleza umuhimu wa swali hilo la pili kwa kutazama kampuni kubwa ya Marekani ambayo maamuzi yake yalileta msiba hadi Afrika Mashariki.

Mwanahisa ni nani?

Hisa ni sehemu ya umiliki wa kampuni. Anayenunua hisa anaweka fedha yake mahali ambapo inaweza kupotea, na kwa hiyo ni haki apate sehemu ya faida, yaani gawio. Anaweza pia kunufaika bei ya hisa inapopanda, kwa kuwa atauza kwa bei kubwa kuliko aliyonunulia.

Mwaka 1970 mwanauchumi Milton Friedman aliandika katika gazeti la New York Times kwamba wajibu wa kijamii wa biashara ni kuongeza faida, mradi ifuate kanuni za ushindani wa haki. Fikra hiyo ilienea sana. Baadaye wakurugenzi wengi wakaanza kulipwa sehemu ya mapato yao kwa hisa, huku kampuni zikitoa taarifa ya fedha kila robo mwaka. Taarifa hizo zina faida yake, maana humwonyesha mwanahisa hali ya mali yake. Tatizo linaanza pale miezi mitatu inapogeuka kuwa kipimo cha kila jambo.

Mwaka 1982 mamlaka ya masoko ya hisa ya Marekani ilirahisisha njia nyingine ya kuwanufaisha wanahisa: kampuni kutumia fedha yake kununua hisa zake yenyewe. Hisa zilizobaki sokoni zikipungua, kila moja hubeba sehemu kubwa zaidi ya faida, na bei yake huelekea kupanda. Hapo hakuna kiwanda kilichojengwa wala fundi aliyefundishwa.

Mfano wa Boeing

Kwa miaka mingi Boeing ilisifika kwa uhandisi wake. Mwaka 2011, ikibanwa na ushindani wa Airbus kutoka Ulaya, iliamua kutounda ndege mpya kabisa. Badala yake iliboresha 737, ndege iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1967, kwa kuifunga injini kubwa zaidi. Injini hizo zilibadilisha mwenendo wa ndege hewani, hivyo ikawekwa programu iitwayo MCAS, iliyoweza kushusha pua ya ndege bila rubani kuamuru. Programu hiyo ilitegemea taarifa za kifaa kimoja tu cha kupimia, na marubani hawakuelezwa habari zake katika vitabu vyao vya mwongozo.

Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege ya Lion Air ilianguka baharini nchini Indonesia, wakafa watu 189. Wiki saba baadaye, mwezi Desemba, bodi ya Boeing iliongeza gawio kwa asilimia 20 na kuidhinisha hadi dola bilioni 20 za kununua hisa zake. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilianguka dakika sita baada ya kuruka. Watu wote 157 walikufa, na 32 kati yao walikuwa Wakenya.

Tuwe waangalifu hapa. Haitakuwa haki kusema kwamba ununuzi wa hisa ndio ulioangusha ndege. Uchunguzi ulitaja mambo mengi, yakiwemo makosa ya usanifu na usimamizi dhaifu wa serikali. Lakini ripoti ya kamati ya Bunge la Marekani ya Septemba 2020 ilitaja pia shinikizo la kifedha na la ratiba ya uzalishaji. Na katika miaka hiyohiyo, kuanzia 2013 hadi 2019, Boeing ilitumia zaidi ya dola bilioni 40 kununua hisa zake.

Nani aliyelipa?

Wa kwanza kulipa ni watu ambao hawakuwa na hisa hata moja: abiria, wahudumu, marubani na familia zao. Wakafuata wafanyakazi na viwanda vidogo vinavyotengeneza vipuri, kwa sababu Marekani ilizuia ndege hizo kuruka kwa miezi 20.

Mwishowe wanahisa wenyewe wakalipa. Machi 2020 gawio lilisitishwa. Mwezi uliofuata kampuni ilikopa dola bilioni 25. Oktoba 2024 ililazimika kuuza hisa mpya zilizoipatia takriban dola bilioni 24, kwa bei iliyokuwa chini sana kuliko ile ya mwanzoni mwa 2019. Yaani ilinunua ghali, ikauza rahisi. Mkulima anayekula mbegu hushiba msimu mmoja tu.

Mafundisho Jamii ya Kanisa

Kanisa halipingi faida. Katika waraka wa Centesimus Annus wa mwaka 1991, Mtakatifu Yohane Paulo II aliitambua kuwa ishara kwamba kampuni inafanya kazi vizuri, akaonya kwamba si kipimo pekee: hesabu zinaweza kuwa safi huku watu wakidhalilishwa. Mwaka 2009, katika Caritas in Veritate, Papa Benedikto XVI alifundisha kwamba waendeshaji wa biashara wanawajibika pia kwa wafanyakazi, wateja, wauzaji na jamii inayowazunguka, si kwa wamiliki peke yao.

Turudi basi kwenye mkutano wetu mkuu. Mwanachama ni mmiliki, na mmiliki ana sauti. Gawio likitangazwa kubwa, tusiishie kupiga makofi. Tuulize kama akiba ya dharura imetengwa, kama mikopo mibovu imehesabiwa kwa ukweli, na kama watumishi wamelipwa stahiki zao. Majibu yakiwa mazuri, tupokee gawio letu kwa furaha. Yakiwa mabaya, afadhali tugawane kidogo mwaka huu kuliko kuwaachia wengine deni ambalo hawakulikopa.