Lengelenge la kiatu kipya: usilitumbue

Shule zikifunguliwa, mtoto hurudi nyumbani akichechemea. Unamvua kiatu kipya, unakuta lengelenge kisiginoni. Haraka unatafuta pini ulitumbue. Subiri kwanza.

Lengelenge hutokea kiatu kinapoisugua ngozi mara nyingi, hasa mguu ukiwa na jasho. Ngozi ya juu huachana na ya chini, katikati hujaa maji. Ngozi hiyo ya juu ndiyo bandeji bora: huzuia vijidudu wakati ngozi mpya inaota chini yake.

Osha kwa maji safi na sabuni, kausha, kisha funika kwa plasta. Likipasuka lenyewe, usiibandue ngozi iliyolegea. Osha, paka mafuta ya mgando na ufunike. Usipake dawa ya meno wala majivu. Ukiona usaha, uvimbe unaosambaa au homa, mpeleke kituo cha afya.

Mwenye kisukari asisubiri dalili hizo. Miguu yake inaweza kuwa na ganzi asisikie maumivu, na lengelenge dogo likageuka kidonda cha kusababisha akatwe mguu. Akague nyayo kila siku, na akiona lengelenge aende kituoni siku hiyo hiyo.

Kinga ni rahisi. Nunua viatu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Mvalishe soksi kavu, na azoee viatu nyumbani, saa moja moja, kabla shule hazijafunguliwa.