Mwanga wa kaskazini: si baridi njo inauleta

Wandugu, nasikia sana kama ule mwanga wa kijani wa Tromsø, kule Norwe, unatokana na baridi. Hapana! Unatokana na jua.

Jua halitupatie joto tu (sisi wa kilimo tunalijulia hapo). Linatupa pia chembe zenye umeme. Dunia ni sumaku kubwa, inazipitisha nyingi pembeni. Zingine zinanaswa nyuma yake, upande wa usiku, kisha zinasukumwa kushuka karibu na ncha zake mbili. Kwenye kilometa 100 hivi na zaidi zinagonga oksijeni, inawaka kijani. Kupita 200, nyekundu.

Sasa, mbona unaonekana Septemba mpaka Machi? Sababu kuna giza, basi. Mwezi wa Juni kule jua halizame: mwanga unaweza kuwa uko, lakini macho hayauone. Ukibahatika kwenda kusoma kule, toka inje ya muji usiku wa kati, mbingu ikiwa bila mawingu.

Huku kwetu, karibu na ikweta, mistari ya ile sumaku imelala sambamba na udongo, chembe hazipate njia ya kushuka. Tarehe 10 Mei 2024 dhoruba ya jua ilikuwa kali mpaka watu wa Meksiko waliona. Sisi, bure.