Salfeti ya Pili: Hadithi ya Mwani wa Mkwiro

Hadithi njoo, utamu kolea! Wajukuu zangu, ya leo haina zimwi wala sungura. Ni ya kweli, na unaweza kuishika mkononi.

Bamvua likifika na maji yakatoka mbali, kina mama wa Mkwiro, kisiwani Wasini, hushuka pwani na magunia. Huko kuna vigingi na kamba zilizofungiwa vipande vya mwani. Baada ya wiki sita hivi kipande kimeshakuwa kichaka. Huvunwa, huanikwa, na kikikauka chumvi hukitoka nyeupe. Kisha gunia hupanda mashua na kwenda mbali. Mwisho wa safari, kilichomo ndani ya mwani ule huweza kuingia kwenye dawa ya meno au aiskrimu.

Kuna nini ndani yake? Mwombeni bibi awasimamie jikoni. Osheni mwani mkavu mpaka chumvi na mchanga viishe, mchemshe kwa moto mdogo mpaka ulainike, mchuje, kisha myaache maji yake yapoe. Kile kilichokuwa kama maji kitaganda na kutikisika. Hicho kinachogandisha huitwa karagini. Kwa kuwa hutoka kwenye mwani wala si kwenye mifupa ya mnyama, wengi hukitumia badala ya jelatini.

Molekuli ya karagini ni mnyororo mrefu wa galaktosi, aina ya sukari ambayo imo pia katika sukari ya maziwa. Ifikirie kama tasbihi ambayo shanga zake huenda mbili mbili. Juu ya shanga hizo hukaa salfeti, yaani atomi moja ya salfa na atomi nne za oksijeni, zenye chaji hasi. Maji yakiwa moto minyororo huachana; yakipoa husokotana na kuyashika maji katikati.

Sasa sikilizeni vizuri. Kuna mwani aina ya kotonii na kuna spinosamu. Karagini ya kotonii, iitwayo kappa, ina salfeti moja kwa kila jozi ya shanga. Ile ya spinosamu, iitwayo iota, ina mbili. Chaji hasi kwa chaji hasi hazipatani, husukumana. Ndiyo maana kappa, ikipata potasiamu, huganda ngumu hata ikavunjika vipande, na iota, ikipata kalsiamu, huganda laini ikavutika. Salfeti moja tu, na tabia yote imegeuka!

Imegeuka na bei pia. Viwanda hulipa zaidi kwa kotonii. Lakini kotonii hauvumilii joto: maji yakipata moto, matawi huwa meupe na kukatika. Wakulima wa Zanzibar, walioanza kilimo hiki kibiashara mwaka 1989, waliuona ukifa shamba baada ya shamba, wengi wakabaki na spinosamu. Pwani yetu ya kusini pia, spinosamu ndio unaolimwa zaidi. Mtafiti Flower Msuya wa Zanzibar amefanya kazi na kina mama kuupeleka kotonii kwenye maji ya kina kirefu, ndani ya nyavu, ukimbie joto.

Wanakemia nao wameirudia ile iota ya bei ya chini na kuiuliza swali jipya. Baadhi ya virusi vya mafua, kabla ya kuingia kwenye seli, hujishikiza kwanza kwenye sukari zenye chaji hasi zilizo juu ya seli hiyo. Iota nayo ni sukari yenye chaji hasi tele. Je, virusi vikikutana nayo kwanza, havitanaswa? Maabarani imeonekana kwamba hunaswa. Dawa za kupuliza puani zenye iota zimeshatengenezwa, na bado zinapimwa kwa watu, kujua zinasaidia kiasi gani.

Mmeona? Salfeti ya pili, inayomnyima mkulima bei kiwandani, ndiyo hiyo hiyo wanayoitamani watafiti wa dawa. Spinosamu haukubadilika, swali ndilo lililobadilika. Nanyi mnaoishi karibu na mwani huu mna haki ya kuuliza maswali kama hayo kabla ya watu wa mbali. Kwa hiyo, mwalimu akifungua kitabu cha kemia, msiseme hayo ni mambo ya wengine. Leo gunia huondoka Mkwiro likiwa na mwani mkavu tu, na faida kubwa hupatikana kule unakochakatwa. Wakipatikana Mkwiro vijana wanaojua kuitoa karagini na kuipima, sehemu ya faida hiyo itabaki kwa kina mama walioupanda.