Nuru Ndogo Kando ya Nyota

Kandokando ya nyota fulani kuna nuru ndogo ambazo jicho la mutu haliwezi kuziona. Leo tutaeleza namna gani wenye elimu wanazipiga foto, na kwa nini foto moja haitoshi.

Kwanza, nuru hizo ni nini? Nyota ya kweli inawaka kwa sababu uzito wake unakandamiza idrojeni iliyo ndani yake, nayo inageuka kuwa heli. Kwa kazi hiyo yahitaji uzito wa mara 75 hivi kupita sayari Jupiter. Ikipungukiwa, moto huo haudumu. Inazaliwa na joto kali, halafu inapoa polepole, kama jiwe la jikoni lililotolewa motoni. Nyota za namna hii zinaitwa vibete vya kahawia. Shiv Kumar alikwisha kueleza habari zao katika miaka ya 1960, lakini kabla ya mwaka 1995 hakuna aliyekuwa na hakika ya kuziona.

Shida ni hii: kimulimuli akiruka karibu na taa ya motokari, humuoni. Ukiinua mukono na kuziba taa, utamuona. Mufaransa Bernard Lyot alifanya vivyo hivyo kwa jua, karibu na mwaka 1930: alitengeneza chombo kinachofunika uso wake ili taji lake lionekane. Leo chombo hicho, koronagrafu, kinafunika nyota. Tena hewa inatikisika na kuvuruga nuru. Kwa hiyo kioo chembamba ndani ya darubini kinabadili umbo mara mamia kwa sekunde, kuinyosha. Mwisho, wanatazama kwa mwangaza wa joto, usioonekana kwa macho, kwani humo ndimo kibete kinang'aa zaidi.

Sasa twafahamu kwa nini wanapenda nyota changa: mwenzi wake naye ni muchanga, hajapoa bado. Nyota TWA 5 ina umri wa miaka milioni 10 hivi, na jua letu lina miaka milioni 4.600. Mwenzi wake alitangazwa mwaka 1999. Katika mwangaza wa joto, nyota inamupita kwa mara 100 tu. Lakini mwenzi wa Gliese 229, aliyepoa zamani, anapitwa kwa mara elfu nyingi.

Hata hivyo, kuona si kujua. Ukitazama kutoka mbali, watu wawili wanaonekana pamoja njiani. Labda mumoja yuko mbali sana nyuma ya mwenzake. Ungoje kidogo: wakitembea pamoja, ndio wenzi. Nyota nazo zinasogea mbinguni mwaka kwa mwaka. Mwenzi wa Gliese 229 alionekana huko Palomar, Marekani, mwaka 1994. Wavumbuzi hawakutangaza upesi. Walingoja mwaka muzima, wakaona kwamba nuru zote mbili zimesogea pamoja. Ndipo walipotangaza, mwaka 1995.

Tena haikuishia hapo. Kibete hicho kilikuwa hafifu kuliko uzito wake ulivyodai, na jambo hilo liliwasumbua wenye elimu. Mwaka 2024 sababu ilijulikana: si kimoja, ni viwili, vinavyozungukana kila siku 12. Foto ya kwanza haikusema uongo, lakini haikusema yote. Miaka 30 ya kutazama tena na tena ndiyo iliyoongeza lililobaki.