Mwalimu wa Kiingereza Ugenini

Mwacha mila ni mtumwa, walinena wahenga. Methali hiyo ilinijia akilini majuzi nilipokutana na kijana mmoja sokoni Keroka, katika mji huu wetu uliogawanywa na mpaka wa Kisii na Nyamira. Nilimfundisha katika shule ya msingi. Sasa yeye mwenyewe ni mwalimu wa Kiingereza nchini Thailand, naye alikuwa amerudi likizoni.

Hakwenda huko kwa kupenda. Tangu serikali iliposimamisha uajiri wa moja kwa moja wa walimu mnamo 1998, mhitimu hana budi kungoja nafasi itangazwe, na wapo waliongoja hata wakakata tamaa.

Alidhani kazi ingekuwa nyepesi, kwani Kiingereza ndicho alichosomea tangu utotoni. Kumbe! Kwa kuwa Kenya haihesabiwi huko miongoni mwa nchi za wazawa wa lugha hiyo, alitakiwa kwanza afanye mtihani wa kuthibitisha umilisi wake. Hata alipofaulu, mzazi mmoja aliuliza mbona shule haikuleta Mzungu.

"Hata hivyo, Mwalimu, sijutii," aliniambia. Kila asubuhi wanafunzi husimama na kumwamkia huku wameunganisha viganja vya mikono. Mwezi wa Juni hufika siku ya kuwaenzi walimu, nao humletea maua wakiwa wamepiga magoti. Jioni, saa mbili ya kule, humpigia simu mamaye. Hapa Keroka huwa ni saa kumi, mama ametoka kuchuma majanichai.

Nilimuuliza kuhusu Kithai. Akacheka. Lugha hiyo ina toni tano, nazo huwatatiza wageni wengi. Yeye hakutatizika sana. Sikio lake lilikwisha kuzoea, kwa maana Ekegusii nayo ni lugha ya toni: sauti ikipanda au ikishuka, neno laweza kubadilika maana.

Hapo niliinamisha kichwa. Alipokuwa mtoto, nilimvisha kibao shingoni kwa kosa la kusema Ekegusii shuleni. Nilidhani namfungulia mlango wa dunia. Alipoufikia mlango huo, Kiingereza nilichomlazimisha kilitiliwa shaka, na lugha niliyomkataza ndiyo iliyomsaidia kusikia maneno ya wenyeji.

Sisemi tukidharau Kiingereza; ndicho kinachompa kijana huyu riziki. Lakini Tume ya Gachathi ilikwisha kupendekeza mnamo 1976 kwamba madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo. Ni walimu wangapi kati yetu waliolizingatia pendekezo hilo?

Alipoagana nami, nilimwomba radhi. Alinijibu kwa Ekegusii. Walimu wenzangu, mtoto anayekuja darasani na lugha ya mamaye amekuja na akiba. Tusimnyang'anye.